Soko Si Tamasha

Kuna namna mbili za kuingia sokoni. Mtu aweza kuingia na kikapu, au aweza kuingia na macho tu. Wa kwanza huja kutafuta chakula cha jioni. Wa pili huja kutafuta jambo la kusimulia. Wote wawili ni watu wa heshima, na hapana sheria imkatazayo mmoja wao kupita mlangoni. Walakini wa kwanza ndiye aliyelijenga soko, na wa pili, akizidi kipimo, aweza kulibomoa pasipo kugusa tofali moja. Hii ndiyo hoja ya insha hii. Najua kwamba itawachukiza wengi, maana katika zama zetu kutazama kumepata sifa ya elimu, na kununua kitunguu kumeachwa kuwa kazi isiyo na sifa.

Hoja isiyo na mahali ni kama jembe lisilo na mpini. Mahali petu ni mji wa Barcelona katika Hispania, na katika mji huo ni soko la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu wote huliita La Boqueria. Liko kando ya Rambla, njia pana yenye miti iteremkayo mpaka bandarini. Biashara ya chakula mahali hapo ni kongwe kuliko jengo lenyewe. Mwaka 1217 zilikwisha kutajwa meza za nyama karibu na lango la ukuta wa mji. Jengo lilikuja baadaye sana. Mwezi wa Julai, 1835, ghasia zilizuka mjini na nyumba za watawa zikatiwa moto; mojawapo ilikuwa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Yosefu. Katika uwanja uliobaki wazi, kazi ya kujenga soko ilianza tarehe 19 Machi, 1840, ambayo ni sikukuu ya mtakatifu huyo. Paa la chuma liliwekwa mwaka 1914, na chini ya paa hilo vimepangwa vizimba zaidi ya 200, samaki wakiwa katikati kama moyo, na nyama, mboga, matunda na viungo vikiwazunguka.

La Boqueria si mtoto wa pekee. Nyumba nyingine ya watawa, ya Mtakatifu Katerina, iliteketea katika ghasia zile zile, na mahali pake likafunguliwa mwaka 1848 soko la Santa Caterina. Mwaka 1876 likasimamishwa soko la Born, la chuma, na mwaka 1882 likafuata soko la Sant Antoni. Leo mji huo una masoko ya chakula karibu 40, yote chini ya mamlaka ya baraza la mji.

Kwa nini mji ulijitia katika gharama hii? Jibu ni la maana, kwa sababu kitu kisichojulikana kilifanywa kwa ajili gani hakiwezi kulindwa. Zamani chakula kiliuzwa njiani, katika jua, mvua na matope. Samaki aliyekaa siku mbili aliwekwa ubavuni pa samaki wa alfajiri, na mzani wa mchuuzi ulikuwa na dhamiri ya mwenyewe. Magari ya farasi hayakupata njia, maji machafu hayakupata mfereji, na mtoza ushuru hakujua amtoze nani. Karne ya kumi na tisa ilileta chuma na kioo, vitu viwili vilivyowezesha kuezeka uwanja mzima bila ya kuujaza kuta. Basi miji ya Ulaya ikawaingiza wachuuzi ndani. Soko la ndani lilikuwa ahadi ya mji kwa wakazi wake: kwamba maskini na tajiri watapata chakula kilichokaguliwa, kwa mzani wa haki, mahali pakavu, karibu na nyumba zao. Mchuuzi hakupewa kizimba kuwa milki yake. Alipewa ruhusa ya kukitumia. Kwa hiyo soko la namna hii ni mali ya umma kama kisima au shule, na umma una haki ya kuuliza limekuwaje.

Na tuulize. Mtu aingiaye La Boqueria leo kwa upande wa Rambla hukutana kwanza na vikombe vya plastiki. Ndani yake mna matunda yaliyokatwa vipande vipande, na kila kikombe kina uma wake mdogo. Pembeni yake yako maji ya matunda katika chupa na bilauri, yamepangwa kwa rangi kama shanga za duka. Kisha ziko karatasi zilizosokotwa mfano wa zile za njugu, zimejazwa vipande vyembamba vya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Kisha peremende. Watu wamebanana bega kwa bega, mikono imeinuliwa juu na simu za kupigia picha, na mwendo wao ni wa kobe. Lakini kadiri mtu anavyosonga ndani ndivyo soko linavyozidi kuwa soko. Huko bado yuko mwuza samaki mwenye kisu na barafu. Yuko mwuza maini na matumbo. Yuko mwuza uyoga wakati wa majani kupukutika. Yuko mwuza ng'onda wa bahari za kaskazini, ambaye hulowesha samaki wake mkavu siku kadha wa kadha mpaka chumvi itoke. Watu hawa hawajafa. Wamesukumwa nyuma tu, na asukumwaye nyuma siku zote hufika ukutani.

Msomaji na afanye hesabu pamoja nami. Mtu auzaye embe zima huhitaji mnunuzi wa namna maalumu. Mnunuzi huyo hulishika embe, hulinusa, hupima uzito wake mkononi, hukataa la kwanza na kuchagua la tatu. Akifika nyumbani hulikata mbele ya watoto wake, na kama limeoza ndani, kesho atarudi na maneno. Mtu auzaye embe lililokatwa hahitaji mnunuzi wa namna hiyo. Huhitaji mpita njia mwenye kiu. Harufu imefunikwa, ganda limetupwa, uzito haujulikani, na bei ni ya kikombe. Mpita njia akiona kwamba tunda halina ladha, atakuwa amekwisha kufika bandarini, na siku ya pili atakuwa katika nchi nyingine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mnunuzi anayerudi ni hakimu. Haki ya mzani katika soko la kale haikulindwa na mkaguzi peke yake. Ililindwa zaidi na yule mama ambaye alinunua samaki kwa mchuuzi mmoja miaka ishirini, na ambaye angeweza kuhamia kwa jirani yake wakati wowote. Mchuuzi aliyemdanganya alipoteza miaka ishirini kwa faida ya siku moja. Lakini mchuuzi amdanganyaye mtu ambaye hatarudi hapotezi kitu. Sisemi kwamba wauzao watalii ni wadanganyifu. Wengi wao ni watu wema wenye jasho. Nasema kwamba wema wao umeachwa peke yake, bila ya hakimu, na wema wa namna hiyo huchoka upesi.

Tena hesabu hii huzaa hesabu nyingine. Umati ukizidi, mama mwenye kikapu hapiti. Akisukumwa mara tatu, mara ya nne huenda kwingine. Mama akienda kwingine, mwuza samaki hupungukiwa, maana mtalii hanunui samaki mbichi. Ampeleke wapi, na chumba chake cha hoteli hakina jiko? Mwuza samaki huzeeka. Watoto wake hutazama daftari na kuona kwamba kizimba cha maji ya matunda kinapata zaidi kwa kazi ndogo. Haki ya kizimba hupita kwa mtu mwingine, na palipokuwa na pweza panakuwa na vikombe. Vikombe huita watu wengine, na mama wa pili naye husukumwa. Katika safari hii yote hapana aliyefanya uovu. Kila mmoja alifanya jambo la akili kwa nafsi yake, na jumla ya akili zao ilikuwa hasara ya mji.

Wako wanaoipinga hoja hii, na haifai kuwapita kimya. Wa kwanza husema kwa kicheko: “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Watalii huleta fedha, fedha hulipa kodi, na kodi hutengeneza paa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ina dada yake, na si adabu kumwalika mmoja na kumfungia mlango mwingine: “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.” Mgeni wa methali zetu aliponya mwenyeji kwa sababu alikuja mmoja mmoja, akala kilicholiwa na wenyeji, na akikaa sana alishika kazi ya nyumba. Jembe la sokoni ni kikapu. Mgeni anunuaye dagaa na kwenda kuwapika amelishika jembe, awe ametoka nchi yoyote. Mgeni asiyelishika siku ya kwanza wala ya tatu, na ambaye nyuma yake wako maelfu ya namna yake, hamponyi mwenyeji, humhamisha.

Wala dawa hiyo ya fedha haikuonekana kuwa na nguvu siku ya ugonjwa. Tarehe 14 Machi, 1920 ingelikuwa mbali. Jambo hili ni la juzi tu, tarehe 14 Machi, 2020, serikali ya Hispania ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya korona. Watu walifungiwa majumbani, lakini masoko ya chakula yaliruhusiwa kufungua milango, kwa kuwa hapana amri iwezayo kuondoa njaa. Katika masoko ya mitaani wakazi walipanga mistari mirefu, kila mmoja mbali na mwenzake, wakanunua kama kawaida na kupita kawaida. La Boqueria lilikuwa karibu tupu. Vizimba vingi vilifungwa, maana watu waliovilisha walikuwa wamekwenda kwao. Soko lililosifiwa kuliko yote mjini ndilo lililoishiwa wanunuzi katika wiki zile ambazo chakula kilikuwa karibu biashara pekee iliyosalia. Shahidi gani mwingine anatakiwa?

Wapinzani wa pili ni watu wa majengo. Husema: “Mbona jengo lipo? Chuma kimepakwa rangi, kioo kimesafishwa, nguzo zimesimama. Je, hatukuliokoa soko?” Hawa ndio wapinzani wa hatari zaidi, kwa sababu wanapenda kitu kizuri na kukiita kwa jina la kitu kingine. Jengo si soko, kama kitabu kilichofungwa si kusoma. Ulaya imetuonyesha kwamba soko laweza kufa kwa njia mbili, na moja kati ya hizo ni hiyo ya kuhifadhiwa.

Njia ya kwanza ni nyundo. Katika Paris, mabanda ya chuma ya Les Halles, yaliyochorwa na Victor Baltard na kuanza kujengwa katika miaka ya 1850, yalilisha mji ule zaidi ya miaka mia moja. Émile Zola aliyatungia riwaya mwaka 1873 na kuyaita tumbo la Paris. Mwaka 1969 biashara ikahamishiwa Rungis, nje ya mji. Mwaka 1971 mabanda yakaanza kubomolewa, na mahali pake likabaki shimo kubwa kwa miaka kadha kabla ya kujengwa maduka ya chini ya ardhi. Banda moja liliokolewa, likapelekwa Nogent-sur-Marne, ambako hufanyiwa sherehe na ngoma. Wengi walililia jambo hili, na walikuwa na haki ya kulia.

Njia ya pili haina kelele. Katika Madrid, soko la San Miguel, jengo zuri la chuma lililokamilika mwaka 1916, lilipungukiwa na wanunuzi mpaka likakaribia kufungwa. Mwaka 2009 likafunguliwa upya, limetengenezwa kwa uangalifu mwingi; lakini siku hizi mtu huingia humo kuonja vitu vidogo vidogo kwa bilauri ya mvinyo, si kununua kabichi. Na Barcelona yenyewe ina soko la Born. Lilifungwa mwaka 1971 biashara yake ya jumla ilipohamishwa. Chini ya sakafu yake yakaonekana mabaki ya mitaa iliyobomolewa baada ya vita vya mwaka 1714, na mwaka 2013 jengo likafunguliwa kuwa nyumba ya historia. Silaumu jambo la Born; mifupa ya mji ilistahili paa, na hapana aliyedanganywa, kwa kuwa mlangoni hapakuandikwa kwamba humo mna soko. Lawama yangu ni kwa soko ambalo limekwisha kuwa nyumba ya maonyesho na bado lajiita soko. Aliyekufa akazikwa hutunzwa kwa heshima. Aliyekufa akasimamishwa mlangoni apokee wageni amedhulumiwa.

Wapinzani wa tatu wana hoja yenye nguvu, nami nitaieleza kwa nguvu yake yote. Husema: “Wewe unawalaumu watalii, lakini wakazi walikwisha kuondoka. Walikwenda katika maduka makubwa, ambako nyama hufungwa katika plastiki na mtu hatakiwi kusalimu mtu. Wanawake wanafanya kazi maofisini; nani ana saa mbili za kuzunguka vizimbani? Watalii walikuta soko linakufa wakalipa pumzi.” Ni kweli kwamba mazoea ya kununua yamebadilika. Ni kweli pia kwamba mitaa iliyo karibu na Rambla imepoteza wakazi, na kwamba nyumba nyingi ziligeuzwa kuwa vyumba vya wapita njia. Jambo hili liliwakera wenyeji hata mwezi wa Juni, 2024, meya wa Barcelona alitangaza nia ya kufuta leseni zote za nyumba za watalii, zaidi ya 10,000, ifikapo mwezi wa Novemba, 2028. Na mwezi wa Julai wa mwaka huo huo waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za watoto. Mimi siwapongezi waliorusha maji. Mgeni mmoja mmoja hana hatia, na hasira imwagikiayo aliye karibu humwacha salama aliye na mamlaka.

Lakini kama hoja ya tatu ingekuwa kweli kamili, masoko yote ya mji huo yangekuwa yamekufa au yamegeuka, maana wakazi wa mitaa yote wana maofisi na maduka makubwa. Sivyo ilivyo. Soko la Santa Caterina lilijengwa upya kwa mchoro wa Enric Miralles na Benedetta Tagliabue, likafunguliwa mwaka 2005 na paa lake la vigae vya rangi lililo kama wimbi. Na ingawa watu huenda kulitazama paa, chini yake bado hununuliwa maharage na mayai. Soko la Sant Antoni lilifungwa mwaka 2009 kwa matengenezo, na likafunguliwa mwaka 2018. Katika miaka ile tisa wachuuzi hawakutawanywa. Walijengewa banda la muda mtaani pale pale, ili mnunuzi asizoee njia nyingine. Hapo ndipo ulipoonekana ujuzi wa kweli wa kuhifadhi: walichungwa wanunuzi kwanza, kisha chuma. Najua kwamba katika matengenezo ya namna hii vizimba hupunguzwa, na duka kubwa huingizwa chini ya paa moja na wachuuzi. Huo ni mkataba wenye uchungu, lakini ni mkataba kati ya soko na wakazi wake. Yamkini utafaulu, yamkini hautafaulu. Walau umefanywa na watu watakaokuwapo kesho.

Hata sasa nimesema habari za vitunguu na mizani. Kwa wasomaji wa kurasa hizi liko jambo jingine, nalo ni lugha. Neno letu soko limetoka katika Kiarabu, na Waarabu waliotawala sehemu kubwa ya Hispania kwa karne nyingi waliliacha huko pia: Kihispania kina neno zoco, na uwanja mkuu wa Toledo unaitwa Zocodover mpaka leo, kwa kuwa zamani uliuziwa wanyama. Katika vizimba vya Barcelona Mswahili akisikia safrà ataikumbuka zafarani, na akisikia albergínia atalikumbuka biringani. Maneno haya hayakuenezwa na madarasa. Yaliletwa na watu waliosimama pande mbili za meza moja, mmoja akiuza na mmoja akinunua, wakatafutana maana mpaka wakaelewana. Lugha yetu yenyewe isingalifika mbali na pwani kama si misafara na masoko.

Wakatalani wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tangu mwaka 1939 mpaka kufa kwa Franco mwaka 1975, lugha yao iliondolewa katika shule na ofisi za serikali. Ilibaki majumbani na katika mazungumzo ya kila siku, na mazungumzo ya kila siku ya watu wa mjini hupita sokoni: majina ya samaki, majina ya uyoga, sehemu za ng'ombe, maneno ya kusifu na ya kukataa, utani kati ya mchuuzi na mama anayemjua tangu utoto. Hakimu, mwalimu na mwandishi wa gazeti waweza kunyimwa lugha kwa amri. Mwuza pweza si rahisi. Sasa tufikiri. Amri ya dola haikuweza kuyaondoa maneno hayo mezani, lakini kikombe cha plastiki chaweza. Auzaye kikombe hahitaji jina la tunda. Huhitaji tarakimu ya bei na kidole cha kuonyesha. Mtalii hulipa, huchukua, huondoka, na kati yao halikupita hata neno moja ambalo lingestahili kukumbukwa. Soko lililokuwa darasa la lugha linakuwa mahali pa mabubu. Hii ni hasara isiyoandikwa katika hesabu za mapato, kwa sababu hapana aliyewahi kuipatia bei.

Basi nini kifanyike? Baraza la mji lilijaribu. Mwaka 2015 liliyazuia makundi ya watalii zaidi ya watu 15 yasiingie La Boqueria siku za Ijumaa na Jumamosi, tangu saa mbili za asubuhi mpaka saa tisa za mchana, ambazo ndizo saa za wanunuzi. Nia ilikuwa njema, lakini sheria ile huhesabu vichwa wala haihesabu vikapu. Kundi la watu 30 hugawanyika mlangoni kuwa makundi mawili, na umati ni ule ule. Ugonjwa hauko mlangoni tu; uko mezani. Mji ambao hutoa ruhusa ya kizimba una haki ya kusema ruhusa hiyo ni ya kuuza nini. Na useme kwamba sehemu kubwa ya kila meza iwe chakula cha kupeleka nyumbani. Kwamba kizimba cha samaki kikiachwa kipewe mwuza samaki kwanza. Na kwamba kodi ya auzaye mboga kwa mtaa iwe nyepesi kuliko ya auzaye vikombe kwa wapita njia. Watasema huku ni kuingilia biashara. Lakini soko la ndani lilizaliwa kwa kuingilia biashara. Kama mji usingaliingilia, mizani ingekuwa njiani mpaka leo.

Na mgeni je? Mimi simfukuzi. Kutembelea soko la mji wa watu ni elimu kuliko kutembelea makaburi ya wafalme wao, kwa sharti mgeni aingie kwa adabu ya sokoni. Adabu hiyo ni nyepesi. Asalimu kabla ya kuuliza. Asiguse asichonunua, wala asimpige picha mtu kama anayepiga picha sanamu. Ajue siku: Jumatatu meza nyingi za samaki hufungwa, kwa sababu vyombo havikwenda baharini Jumapili, na aulizaye sababu amejifunza habari za pwani ile kuliko aliyesoma kijitabu. Akiwa na jiko, anunue cha kupika; akiwa hana, anunue jibini, zeituni au mkate kwa mtu auzaye vitu hivyo kwa majirani. Na akiweza, aache soko lenye sifa aende soko la mtaa, ambako hatapewa uma wa plastiki lakini huenda akaulizwa ametoka wapi. “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.” Soko jema halina haja ya kutembezwa.

Jambo hili si la Wakatalani peke yao. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, limekwisha kuwa moja ya mahali wanapopelekwa wageni kuonyeshwa viungo na samaki. Hapo bado wenyeji hununua, na Mungu azidi kuwapa nafasi ya kupita. Lakini wanaochora mipango ya miji yetu hupenda kusafiri, na wakisafiri hupelekwa La Boqueria, wakarudi na picha za vikombe vya rangi wakisema hayo ndiyo maendeleo. Wakirudi na picha hizo, waulizwe swali moja tu: katika soko hilo mliloliona, mtu wa mtaa wa nyuma alinunua nini siku ile kwa chakula cha usiku? Wasipojua, hawakuona soko.